Msamaria wa Pont Neuf: sanamu kwa watu, maji kwa mfalme

Kuanzia mwaka 1608 hadi 1813, mji wa Paris ulikuwa na nyumba iliyosimama majini. Ilijengwa juu ya nguzo za mbao zilizokitwa katika Mto Seine, ikashikamana na tao la pili la daraja la Pont Neuf, upande wa jumba la kifalme la Louvre. Chini yake gurudumu lenye mabapa lilizungushwa na mkondo wa mto. Gurudumu likaendesha pistoni, nazo pistoni zikasukuma maji yapande mabombani. Mbele yake, upande wa wapita njia, palikuwa na saa, kengele zilizopigwa kwa mpangilio wa muziki, na sanamu mbili: Yesu kando ya kisima cha Yakobo, na mwanamke Msamaria aliyekuja kuchota. Kati yao maji yalimwagika katika beseni. Kwa ajili ya mwanamke huyo, jengo zima likaitwa La Samaritaine, yaani Msamaria.

Wapenzi wa Paris ya kale huitaja Samaritaine kila wanapohesabu vitu ambavyo mji huo ulivipoteza. Wanasema chemchemi ya umma ilibomolewa, na pamoja nayo ikaondoka alama ambayo watu wa tabaka zote waliipenda kwa zaidi ya karne mbili. Huzuni yao naielewa, ila imeelekezwa pasipo pake. Kilichopotea mwaka 1813 ni saa, sanamu na mtambo. Chemchemi ya umma, kwa maana ya maji ambayo mtu yeyote anayafikia na chombo chake, akachota na kwenda zake, haikuondoka siku ile, kwa kuwa jengo la Pont Neuf halikuwekwa kwa kazi hiyo. Lilikuwa mtambo wa mfalme uliovishwa sura ya chemchemi. Asiyelitambua hilo hawezi kueleza kwa nini lilijengwa, wala kwa nini lilibomolewa kwa wepesi ule.

Tuanze na daraja lenyewe. Henri III aliweka jiwe la msingi la Pont Neuf mwaka 1578. Vita vya dini vikasimamisha kazi, na aliyelimaliza ni Henri IV, mwanzoni mwa karne ya 17. Lilikuwa daraja la mawe lisilo na nyumba juu yake, jambo geni kwa Paris ya wakati ule, tena lilikuwa na njia za miguu zilizoinuliwa pembeni. Mtu angeweza kusimama hapo akautazama mto. Kabla hata daraja halijakamilika, fundi wa Kiflemi aitwaye Jean Lintlaër alimpelekea mfalme pendekezo la kuweka pampu chini ya mojawapo ya matao. Paris ilikuwa haijawahi kuona kitu cha namna hiyo: mtambo unaotumia nguvu ya mto kuyainua maji ya mto huohuo.

Viongozi wa mji walipinga. Mkuu wa wafanyabiashara, ambaye ndiye aliyekuwa kama meya wa Paris, pamoja na madiwani wake, walisema gurudumu na nguzo zake vitazuia mashua. Hoja yao ilikuwa nzito, kwa sababu nafaka, divai na kuni za mji zilifika kwa mto. Jibu la Henri IV limehifadhiwa katika barua aliyomwandikia waziri wake Sully. Alimwagiza awaite madiwani hao na kuwakumbusha haki zake, kwa kuwa daraja limejengwa kwa fedha zake na si zao. Hakudai kwamba watu wa mji watapata maji. Alidai umiliki. Na hizo fedha alizoziita zake zilitoka wapi? Daraja lilimaliziwa kwa ushuru uliotozwa kwa kila pipa la divai lililoingia Paris, kwa hiyo kila mnywaji wa mjini alikuwa amelichangia. Tangu siku ya kwanza, basi, mtambo ulisimama juu ya madai ya mtu mmoja kwamba kilicholipiwa na wengi ni chake.

Maji yenyewe yalikwenda wapi? Mshairi Malherbe, aliyekuwa karibu na ikulu, alimwandikia rafiki yake Peiresc mwezi wa Oktoba 1608 kumpa habari kwamba maji ya pampu ya Pont Neuf yamefika Tuileries. Tuileries ni jumba la kifalme na bustani yake. Kutoka darajani maji yalipelekwa katika hifadhi iliyokuwa karibu na kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois, kisha yakashuka kwa mabomba hadi Louvre na Tuileries. Mwaka 1719, Robert de Cotte alipojenga jengo kubwa la hifadhi ya maji mbele ya Palais-Royal, sehemu ya maji ya Samaritaine ilielekezwa huko pia, kwa makazi mengine ya ukoo wa kifalme. Mtambo ulihesabiwa miongoni mwa nyumba za mfalme na ulikuwa na gavana wake, mwenye cheo na makao humohumo. Chini ya sanamu palichorwa maneno ya Kilatini yaliyotolewa katika Wimbo Ulio Bora, yanayotaja chemchemi ya bustani na kisima cha maji hai. Msomi aliyepita darajani aliona hapo andiko takatifu. Mtunza bustani wa Tuileries angeweza kuyasoma maneno hayohayo kama anwani ya mahali maji yanapokwenda.

Hapa inafaa kusimama kidogo mbele ya sanamu zenyewe, maana ndizo zilizoshinda katika kumbukumbu za watu. Jengo la kwanza lilichakaa, likajengwa upya kati ya mwaka 1712 na 1719 chini ya huyohuyo Robert de Cotte. Sanamu ya Yesu ilichongwa na Philippe Bertrand, ile ya mwanamke na René Frémin. Katika michoro ya karne ya 18, hasa ile ya Raguenet aliyechora kingo za Seine mara nyingi, unaliona jengo la ghorofa, sehemu yake ya kati imetokeza mbele, saa iko juu na kimnara cha kengele juu zaidi, na darajani watu wamejazana. Wanaoijua sura ya nne ya Injili ya Yohana wanakumbuka kisa chenyewe. Mgeni amechoka, ana kiu, kisima ni kirefu naye hana cha kutekea. Mwenye chombo ni mwanamke wa watu wanaodharauliwa, na mgeni ndiye anayemwomba. Sijui kisa kingine kinachofaa zaidi kuwekwa penye maji ya watu wote. Mwenye hadhi kubwa anaomba, asiye na hadhi anacho.

Sasa mtazame mtu anayepita chini ya sanamu hizo. Ni mchukuzi wa maji, na Paris ilikuwa na maelfu yao. Mkanda wa ngozi umepita mabegani mwake, ndoo mbili zinaning'inia kushoto na kulia kama mzega, na kati yake na ndoo kuna pete kubwa ya mbao inayozizuia zisimgonge miguu na kumwaga maji. Amechota mtoni au kwenye chemchemi ya mtaani, na sasa anakwenda kupanda ngazi za nyumba ya ghorofa tano au sita. Louis-Sébastien Mercier, mwandishi aliyeiangalia Paris mtaa kwa mtaa miaka michache kabla ya Mapinduzi ya 1789, aliandika kwamba maji katika mji huo hununuliwa, kwamba chemchemi za umma ni chache na zimetunzwa vibaya, na kwamba bei ya ndoo hupanda pamoja na ngazi. Aliye juu kabisa, chini ya paa, kwa kawaida ndiye maskini kuliko wote nyumbani humo, naye ndiye aliyelipa zaidi. Mchukuzi huyo akipita Pont Neuf aliona maji yakimwagika mbele ya mwanamke mwenye chombo kama chake, lakini yale yalikuwa maji ya kutazamwa.

Atakayenipinga ataanza na hesabu. Atasema kwamba ikulu inapokunywa maji ya mto, haina haja ya kunywa maji ya chemchemi za Belleville na Pré-Saint-Gervais, yaliyokuwa yakiletwa mjini kwa mifereji tangu zama za kati. Kwa hiyo kila pipa lililopandishwa na Samaritaine liliacha pipa jingine kwa wananchi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kuidharau, kwa sababu Louvre ilikuwa kweli ikivuta kutoka mifereji hiyo. Lakini tuone kilichofuata. Miaka michache tu baada ya pampu kuanza kazi, mfereji mpya ulianza kujengwa kuleta maji ya Rungis kutoka kusini. Mfalme Louis XIII, akiwa bado mtoto, aliweka jiwe la msingi mwaka 1613, na maji yakafika mjini muongo mmoja baadaye. Mkataba ulihesabu pouce 30, kipimo cha zamani ambacho kimoja chake ni takriban mita za ujazo 19 kwa siku. Kati ya hizo, 18 zilitengwa kwa mfalme na 12 kwa mji mzima. Kama pampu ya Pont Neuf ingekuwa imeituliza kiu ya majumba ya kifalme, mgao wa Rungis usingekuwa hivyo. Bustani zenye madimbwi na michirizi ya maji hazishibi; kila chanzo kipya huzaa bwawa jipya. Nafuu iliyoahidiwa watu ilimezwa huko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndilo linalonifanya niandike kwa uangalifu. Linasema kwamba nawahukumu watu wa mwaka 1608 kwa mawazo ya leo. Kwamba wakati huo mali yote kubwa ilikuwa ya mfalme, na wazo la maji ya umma lilikuwa halijazaliwa. Lau ingekuwa hivyo, ningeifunga hoja yangu hapa. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 1392, zaidi ya karne mbili kabla ya Lintlaër, Mfalme Charles VI alitoa amri ya kufuta ruhusa za maji walizopewa watu binafsi, kwa sababu matajiri walikuwa wamejivutia mabomba majumbani hadi chemchemi za mitaani zikakauka na wakazi wakaanza kuhama. Amri hiyo ilitambua waziwazi kwamba maji ya chemchemi ni ya watu wa mji na kwamba anayeyaelekeza nyumbani kwake anawanyang'anya wengine. Ni kweli kwamba iliacha Louvre na nyumba za watoto wa kifalme nje ya katazo. Ila wazo lilikuwepo, limeandikwa na kutiwa muhuri. Ikulu ilijiweka nje ya wazo hilo kwa hiari yake, ikilijua vizuri.

Tena kuna ushahidi mwingine, nao naona ndio unaomaliza ubishi. Mwaka 1670 Paris ilikumbwa na uhaba mkubwa wa maji. Daniel Jolly, mhandisi aliyekuwa akiusimamia mtambo wa Samaritaine, aliuendea uongozi wa mji na pendekezo la kujenga mtambo wa aina ileile kwenye daraja la Notre-Dame, mwendo mfupi kupanda mto. Mhandisi mwingine, Jacques de Mance, akajenga wa pili hapohapo. Maji ya pampu hizo yaligawanywa kwenye chemchemi za mitaani. Mto ulikuwa uleule, ufundi uleule, hata mhandisi alikuwa yuleyule aliyetoka Pont Neuf. Kilichobadilika ni mwenye mtambo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba teknolojia ya wakati ule haikuruhusu kumpa mtu wa kawaida maji ya Seine. Iliruhusu, na mara mji ulipoishika mkononi, watu walipata.

Naijua pia hoja ya wale wanaosema kwamba chemchemi haipimwi kwa ndoo peke yake. Saa ya Samaritaine iliwapa muda watu wasio na saa. Kengele zake ziliburudisha. Pont Neuf ilikuwa uwanja wa wauza vitabu, waganga wa mitishamba, wang'oa meno na wachekeshaji, na jengo lile ndilo lililokuwa alama ya kukutania. Wakati wa ghasia za Fronde, katikati ya karne ya 17, watunga vijikaratasi vya kisiasa walimfanya Msamaria azungumze na sanamu ya shaba ya Henri IV iliyosimama darajani tangu 1614, wakijadiliana mambo ya nchi. Huwezi kumpa sauti kitu usichokipenda. Nakubali yote hayo, tena bila shingo upande: uzuri ulio njiani ni haki ya mpita njia, na mji usio na kitu cha kutazamwa ni mji wa kuhurumiwa. Lakini uzuri wa Samaritaine ulikuwa unasema jambo. Ulisema kwamba hapa mwenye kiu anapewa. Saa ikikosea, kila mtu aliweza kuona kwamba imekosea. Ahadi ya sanamu ilibaki pale miaka 200 bila kutimizwa, na uzuri wenyewe ndio uliozuia watu wasiulize.

Tunafika kwenye kubomolewa. Maelezo ya kawaida ni kwamba mtambo ulikuwa umezeeka na wakati umeupita. Ndugu wawili wa ukoo wa Périer walikuwa wamefunga pampu za mvuke huko Chaillot tangu 1781. Mwaka 1802 Napoleon aliamuru uchimbwe mfereji wa kuleta maji ya Mto Ourcq, na maji hayo yakafika La Villette mwishoni mwa 1808. Katikati ya safari hiyo, mwezi wa Mei 1806, alitoa amri nyingine iliyoagiza chemchemi 15 mpya na kutaka maji yatiririke katika chemchemi zote za Paris usiku na mchana. Mbele ya mambo hayo, gurudumu la mbao chini ya daraja lilionekana masalio ya enzi iliyopita, na mwaka 1813 likaondolewa pamoja na jengo lake.

Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Mtambo wa Notre-Dame nao ulikuwa gurudumu la mbao chini ya daraja. Nao ulikuwa mzee, ukihitaji matengenezo yasiyokwisha, ukiwaudhi wenye mashua. Hata hivyo uliachwa ufanye kazi hadi 1858, miaka 45 baada ya mwenzake, wakati ambapo Paris ilikuwa tayari na mfereji, mvuke na reli. Mashine mbili za ufundi mmoja, katika mto mmoja, hazifi kwa kupishana karibu nusu karne kwa sababu ya uzee tu. Notre-Dame ilidumu kwa kuwa kuivunja kungekausha chemchemi za mitaa yenye watu. Samaritaine ilipovunjwa, hakuna mtaa uliobaki na ndoo tupu. Waliipenda wengi, lakini aliyekuwa akiitegemea ni ikulu, na ikulu ilikuwa imepata maji mengine.

Mambo yaliyofuata yanaonyesha Paris ilichagua kurudisha nini. Sanamu ya Henri IV, iliyovunjwa na wanamapinduzi mwezi wa Agosti 1792, ilitengenezwa upya na kusimamishwa darajani mwaka 1818, miaka mitano tu baada ya Samaritaine kuondoka. Mfalme alirudi. Mwanamke mwenye chombo hakurudishwa. Kilichorudi ni jina lake, na aliyelirudisha ni mchuuzi. Ernest Cognacq aliuza nguo darajani chini ya mwavuli, karibu na pale pampu ilipokuwa, kisha mwaka 1870 akafungua duka jirani na hapo akaliita La Samaritaine. Duka hilo lilikua hadi likawa miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya Ufaransa, likafungwa mwaka 2005 na kufunguliwa tena 2021 likiwa na hoteli ya kifahari ndani yake. Leo ukiwauliza watu wengi Samaritaine ni nini, watakutajia duka.

Maji nayo yalirudi kwa njia nyingine. Paris ilipotoka katika mzingiro wa Waprusia na umwagaji damu wa Komuni, maji safi yalikuwa adimu na maskini waliona nafuu kununua kilevi. Mwaka 1872 Richard Wallace, tajiri Mwingereza aliyeishi Paris, alilipia chemchemi ndogo za chuma zilizosimikwa mitaani. Mchongaji Charles-Auguste Lebourg aliziwekea wanawake wanne wanaobeba kuba vichwani, na katikati yao maji yakatiririka, pembeni vikombe vimefungwa kwa mnyororo ili yeyote anywe bila kulipa. Vikombe viliondolewa mwaka 1952 kwa ajili ya usafi, lakini baadhi ya chemchemi hizo zipo hadi leo, na maji yanatoka. Hazina saa wala kengele, wala gavana. Mwanamke wa Frémin alikuwa na nyumba ya ghorofa na hakumpa mtu tone. Hawa wanne wa chuma, wasiofika kimo cha chumba cha kawaida, wamewanywesha watu kwa karne moja na nusu. Kama kuna chemchemi ya Paris inayostahili kuitwa Msamaria, ni hizo.

Na pale Pont Neuf, katika tao la pili upande wa Louvre, hakuna nguzo wala gurudumu. Mto unapita wazi, kama madiwani wa mji walivyoomba tangu mwanzo.